Kadi Mbili za Dada Yangu

Madamu, mke wa bwana mkubwa wa serikali ya wazungu pale Kasongo, alikuwa na kadi mbili za posta ukutani. Zote za mji mmoja wa kwao, kando ya bahari. Moja ya zamani: mchanga, mitumbwi, vibanda. Nyingine ya sasa: manyumba marefu, na wanawake wenzake wamesimama majini, mapaja yote nje. Niliziona siku nilipofuatana na dada yangu mkubwa kumpelekea mikeka. "Ona vile tumeendelea," akatuambia. Mapaja nje, eti wameendelea!

Basi akataka Kasongo nayo iwe na zamani yake na sasa yake. Akamchagua dada, kwa sababu alikuwa mzuri, na kweli alikuwa mzuri. Dada akaja amevaa kikwembe kipya na ushungi, kama binti yeyote wa Kiislamu wa mtaa wetu, tena mchumba wa watu, posa imeshapokelewa. Wakampiga foto amesimama barazani. Kisha madamu akamwambia avue, afunge majani ya migomba kiunoni. Dada akakataa. Bwana mkubwa akatoka, akauliza tu kama baba yetu ndiye yule ambaye pamba yake ya lazima ilikuwa kidogo msimu ule. Hakuna mutu Kasongo asiyejua maana ya swali hilo: fimbo, kisha kifungo. Dada akavua. Mimi nilishika ushungi wake, nikalia kwa hasira, na hasira ile haijaniisha mpaka leo.

Kadi zikaja, zikawekwa dukani kwa Mgiriki. Ile ya majani imeandikwa kwa Kifaransa "Kasongo zamani". Ile ya kikwembe, nguo aliyonunuliwa na mama yetu mzazi, imeandikwa "Kasongo sasa".

Mama akasema, "Tununue zote, tuchome." Wajomba na mashangazi wakaenda dukani mmoja mmoja, macho chini, kila mmoja na aibu yake, wakanunua. Tukazichoma nyuma ya jiko. Loo, ujinga wetu! Mgiriki akaenda kumwambia madamu kwamba watu weusi wanazipenda kadi zake kupita wazungu. Madamu akafurahi mno, akaagiza sanduku lingine.

Kadi za sanduku hilo ndizo zilizowafikia wakwe. Nao walikuwa majirani zetu, wamemwona dada tangu anatambaa. Wakaja na ile ya majani, wakaiweka mkekani mbele ya baba. Mzee wao akauliza kwa adabu kabisa, "Ndugu yetu, usikasirike. Ninyi mulianza kuvaa nguo mwaka gani?"

 Dada alikuwa chumbani, maana mwali hatoki mbele ya wakwe. Akatoka, akamwambia yule mzee:

"Baba, ile ya nguo ndiyo walipiga kwanza. Hii ya majani walipiga nyuma yake, siku ile ile. Muulize mudogo wangu, alikuwa pale."

Nikasema ndiyo, nilikuwa pale, nilishika ushungi wake. Mzee akagusa maandishi kwa kidole. "Karani alitusomea, mwanangu. Hapa iko imeandikwa zamani."

Ebo! Mtu amemwona mtoto akikua mlango wa pili, kila siku amevaa, halafu anaamini karatasi ya mwanamke asiyejua hata jina la mtaa wetu! Madamu nilimchukia, lakini wale wakwe niliwachukia zaidi. Wao macho walikuwa nayo. Posa ikavunjika siku ile.

Baadaye shangazi akamtafutia dada mume kule Kabambare, mkulima wa mpunga, mtu mzima, macho yake yote mawili yamekufa. Akasema huyo ndiye anayefaa, hataweza kuonyeshwa kitu. Siku ya kumtoa dada, baba akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa kutusitiri, na nyumba nzima ikaitikia amina. Mimi sikuitikia.