Hawa Wawili Hawasikii

Mvua ilipokatika, upepo ulituletea harufu ya chai inayokaushwa kiwandani, upande wa Mogogosiek. Harufu nzito yenye utamu kidogo, kama nyasi zilizosahauliwa juu ya moto. Kwetu Kimulot tuliizoea hata hatukuisikia tena, ila mgeni alipoisifu. Shamba letu liliteremka kutoka mlangoni mpaka kijitoni, na katika miaka ile ya tisini mama alilichuma karibu peke yake, kikapu mgongoni, huku sisi mabinti zake wawili tukimfuata nyuma. Mimi, Chebet, nilikuwa na miaka kumi. Niliweza kuanza kuosha sufuria, nikaiacha na povu lake, nikamkimbiza kuku, nikapanda mparachichi, na huko juu nikasahau kwamba kuna sufuria duniani. Mdogo wangu Chelangat alikuwa na miaka saba, naye alitulia mpaka watu wakaogopa. Aliketi chini akipanga majani ya chai kwa ukubwa, safu baada ya safu, na ukiligusa moja alilia kana kwamba umemchoma. Kengele ya shule ikilia aliziba masikio. Ukimsalimu, alikujibu kwa maneno ya mtangazaji wa redio, neno kwa neno.

Pamoja na tofauti hizo zote, kijiji kilituweka katika kapu moja. Sote tulikuwa watoto wasiosikia. Walimwambia mama kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo, wakidhani wanamsaidia, na mama aliinamisha kichwa akaendelea kuchuma. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini hata mzazi huyo hakuujua uchungu wetu ulikuwa wa namna gani.

Siku moja alasiri tulikuwa kituo cha kununulia majani. Mama aliingia kwenye foleni ya mizani, akaniambia nimshike Chelangat mkono nisimwachilie. Nilimshika kwa moyo wote. Kisha lori la kiwanda likaanza kupanda mlima likinguruma, nikakimbia kwenda kulitazama, na niliporudi mdogo wangu hakuwepo. Wanawake waliacha vikapu wakamwita jina lake kila upande. Mama alikimbia kuelekea kijitoni, maji yakiwa yamejaa, na mimi nilibaki nimesimama pale pale. Tulimpata hatua arobaini tu kutoka kwenye mizani. Alikuwa amechuchumaa kati ya michai akipanga majani, hana jeraha wala hofu. Alikuwa amelisikia jina lake likiitwa muda wote huo, bila kuitika hata mara moja.

"Mmoja hatulii, mwingine haitiki," jirani yetu alisema huku akijifuta jasho. "Huo ni ugonjwa mmoja, Mama Chebet. Watoto kama hawa hupelekwa mbali."

Maneno hayo yalifika shuleni kabla yetu. Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu aliwaita wazazi wangu, akasema ameshindwa. Alitaka tupelekwe shule ya bweni ya mbali, ya watoto aliosema hawafundishiki, sote wawili pamoja. Baba, mtu wa maneno machache, aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kututazama vizuri. Mwalimu mkuu alifikiri kidogo, akakubali kumwalika mwalimu wa elimu maalum aliyekuwa akizunguka shule kwa shule kupima watoto.

Hivyo ndivyo Madam Akinyi alivyokuja. Alikuwa mzaliwa wa upande wa ziwa, baba yake aliwahi kufanya kazi katika mashamba makubwa ya chai, na lugha yetu ya Kipsigis aliijua vya kutosha kumsalimu nyanya yetu mpaka akacheka. Kwanza alitutuma hospitali ya misheni Kaplong tupimwe masikio. Masikio yalikuwa mazima. Ndipo akaja kukaa nyuma ya darasa asubuhi nzima bila kusema neno, na mchana akatufuata nyumbani. Mama alimpa chai na viazi.

Madam alimwaga vijiwe kwenye mkeka, akaniuliza kama naujua mchezo wa kurusha na kudaka. Nilimweleza sheria zote kwa pumzi moja, hata za kuamua ugomvi. Tulipoanza, nilinyakua kijiwe kabla ya zamu yangu. Mara moja nilimtazama usoni kuona kama amekasirika, nikasema, "Pole, Madam." Baada ya muda mfupi nikanyakua tena. Ilipofika zamu ya Chelangat, mdogo wangu hakumtazama yeyote. Alivikusanya vijiwe, akavipanga kutoka kidogo mpaka kikubwa. Madam alikisogeza kimoja, Chelangat alikirudisha. Alikisogeza tena, Chelangat akaanza kulia. Madam akakirudisha mwenyewe taratibu, akaomba msamaha, kilio kikakoma.

"Mama Chebet," alisema, "hawa wawili hawasikii ukiwaita, ni kweli. Lakini si kwa sababu moja. Huyu mkubwa anasikia kila kitu kwa pamoja: ng'ombe, lori, redio ya jirani. Sauti yako inapotea hapo katikati. Sheria anazijua, watu anawaelewa, ila hawezi kungoja. Huyu mdogo akiingia kwa jambo lake, ameingia kabisa. Kusoma uso wa mtu ni kazi ngumu kwake, na kitu kikibadilika ghafla kinamuumiza. Kuna watoto walio na hali zote mbili, lakini hawa wako, naona kila mmoja ana yake."

Mama aliweka birika chini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo sio mimi? Sio vile nimewalea?"

"Sio wewe."

Sijawahi kumwona mama akilia na kucheka kwa wakati mmoja kama siku ile. Alifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na nyanya akamshika mkono akisema baada ya dhiki faraja. Jioni baba alitoka kumwita Chelangat aje kula. Kwa kawaida angeita kutoka mlangoni mpaka akasirike. Safari hii alikwenda akachuchumaa mbele yake, akangoja amalize safu yake, akasema, "Chelangat, jani hili moja, halafu chakula." Chelangat aliweka jani. Akasimama, akaingia ndani.

Hatukupelekwa mbali. Madam alizungumza na mwalimu mkuu, naye, namshukuru, alikubali kujaribu. Mimi niliketi mbele, nikapewa kazi fupi fupi: gawa vitabu, futa ubao, leta chaki. Nilikuwa bado mtundu, na viboko vya miaka ile havikuniacha kabisa, lakini niliacha kujiona mtoto mbaya. Chelangat alipewa dawati karibu na ukuta ambalo halikuhamishwa, na mwalimu wake alimwonyesha kidole juu kabla ya kengele ili azibe masikio mapema. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa akisoma vizuri kuliko watoto wote wa darasa lake.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Leo nina binti ambaye hawezi kumaliza kikombe cha uji bila kuinuka mara nne. Nilipompeleka kliniki mjini, daktari alimtazama kwa siku mbili, akanipa herufi nne, ADHD, na karatasi za ushauri. Hapo ndipo nilipojua jina la utoto wangu, na nilipomweleza juu ya mdogo wangu, alisema huenda ule ulikuwa usonji. Wazazi wa siku hizi wana majina hayo, wana vikundi kwenye simu, wana mahali pa kuuliza, nami ninafurahi kwa ajili yao. Chelangat naye siku hizi anatunza kitalu cha miche ya chai, na wakulima humfuata kutoka mbali kwa sababu mche wake haukosi kushika. Niliporudi kutoka mjini nilimsomea mama karatasi zile sebuleni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ni majina mazuri," alisema. "Yangekuja mapema ningelala vizuri zaidi. Lakini Akinyi alitoa siku moja kuwatazama vizuri, na hiyo ilitosha kuwaweka nyumbani."