Nambari kwenye Ukuta wa Saloni

Kila muhula mimi hufundisha wiki tatu juu ya wasanii waliovunja kanuni. Ni sehemu ya somo la utangulizi wa insia, yaani sanaa, muziki, fasihi na fikra za binadamu, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo chetu cha Kawangware lazima alipite, hata kama amekuja kusomea ushonaji au malezi ya watoto wadogo. Darasa letu liko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mashine ya kukata vyuma ikianza huko chini mimi hunyamaza, tunatazamana, ikinyamaza naendelea.

Nalipenda somo hili. Nasema hivyo mapema kwa sababu yanayofuata nitayasema kwa hasira, na sitaki mtu adhani nimechoka kufundisha. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyebeba mawe mjengoni wiki nzima, akaja Jumamosi na vumbi bado nyusini, akabishana nami saa nzima juu ya mchoraji aliyeacha nusu ya turubai bila rangi. Alisema ni uvivu. Nilisema ni uamuzi. Hatukupatana, na nilirudi nyumbani nikiwa na furaha.

Ninachokasirikia ni hiki: chuo kinawapenda waasi mradi wawe wamekufa, na wawe wamefia mbali.

Wanafunzi wangu huwa nawaambia kwamba huwezi kuvunja kanuni usiyoijua. Anayekosea wimbo kwa sababu hajaushika, huyo bado anajifunza. Anayeujua wimbo wote, kisha akaamua kuugeuza mahali fulani kwa sababu fulani, huyo ndiye tunayemzungumzia. Kwa hiyo kabla ya kuwaonyesha picha yoyote, huwauliza wanajua kanuni gani kwa mikono yao. Fundi wa viatu atasema juu ya uzi. Mpishi wa chapati atasema juu ya maji ya moto.

"Mimi kichwa cha saloni," akasema mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha.

Mama huyu alikuwa na umri wa kukaribia wangu. Alikuja Nairobi kutoka magharibi akiwa ameolewa, na shemeji yake akamfundisha kuchora kuta za vibanda: ng'ombe wa buchari, samaki, vichwa vya saloni. Kazi hiyo aliifanya Kibera nzima, wakati wa mchana. Asubuhi alifundisha nasari katika kituo kimoja cha watoto kule Makina, na kituo kilikuwa kimemwambia kwamba asipoleta cheti kabla ya mwaka kwisha, darasa lake litapewa mtu mwingine. Ndiyo sababu alikuwa amekaa mbele yangu. Alikuwa amefaulu katika karatasi nyingine zote. Ilibaki yangu.

"Kichwa cha saloni kina kanuni?" nikamuuliza.

"Eh! Nyingi, mwalimu. Lazima aangalie kando, asikuangalie wewe. Nywele zilale, zifike hapa." Akagusa bega. "Ngozi iwe ya chai ya maziwa. Na asicheke."

"Akicheka?"

"Atakuwa wa ukuta wa nyama choma, si wa saloni."

Darasa likacheka. Nikauliza nani aliziweka kanuni hizo.

"Hakuna mtu. Lakini chora vingine uone. Unaambiwa futa."

Zoezi nililowapa lilikuwa jepesi kulieleza: chagua kanuni unayoijua kwa mikono yako, ivunje, kisha ueleze kwa nini. Aliniuliza kama anaweza kuivunja ukutani badala ya kwenye karatasi. Nikasema anaweza. Nilimpa sharti moja tu: asiandike jina lake, aandike nambari ya usajili, kwa sababu chuo kinataka msahihishaji asijue anamsahihisha nani. Ni kanuni nzuri na bado naiunga mkono.

"Kwa hivyo niiweke hapo chini, karibu na ya simu?"

Wachoraji wa kuta huku kwetu hawaweki sahihi. Huandika nambari ya simu pembeni, na mtu akipenda ng'ombe wako anakupigia. Nikamwambia ya simu ibaki, ya usajili ikae juu yake. Tulikubaliana hivyo, tukafurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria ukuta wenyewe uko wapi.

Ulikuwa Soweto East, huko huko Kibera, kwenye safu ya vibanda vya mabati inayotazamana na magorofa mapya. Nilikwenda Jumatano asubuhi na fomu yangu ya alama. Mwanamke wa ukutani alikuwa mwenye saloni mwenyewe, mweusi kama alivyo, na pengo lake la mbele. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama na kitana kimekwama ndani yake, na alikuwa akikutazama usoni na kucheka kana kwamba umechelewa na amekusubiri.

"Umejiweka kwa ukuta kama mtu wa kura!" mama wa omena, muuza dagaa wa kibanda cha pili, alikuwa akimtania.

"Na wewe leta uso wako uchorwe, wateja wakimbie," mwenye saloni akajibu, lakini mkono wake ulikuwa ukilainisha kitambaa chake cha kichwani.

Kila kitu nilichojaribu kueleza kwa wiki tatu kilikuwa kwenye bati moja. Nikaandika A.

Mkuu wa idara alikataa kuiingiza. Hakuna kitu cha kuweka kwenye faili, alisema. Nikabishana naye mpaka akakubali hivi: mtahini wa nje, anayekuja kila muhula kukagua alama zetu, ataenda kuuona ukuta Ijumaa ya wiki iliyofuata. "Mradi uwepo," akasema, "na uwe na nambari." Nilitoka ofisini mwake nikijiona nimeshinda vita.

Sasa nieleze jambo ambalo mimi mkaaji wa Kawangware sikulijua vizuri, ila kila mtu wa Soweto East analijua. Mahali ambapo nyumba zimewahi kuhesabiwa ili watu wahamishiwe magorofani, herufi na tarakimu mpya kwenye bati si mapambo. Zina maana kwamba watu wa kuhesabu wamepita. Umeandikwa au hukuandikwa, na asiyeandikwa hana pa kuanzia hata kulalamika. Nambari ya usajili ya mama yule ilikuwa na herufi mbili, alama ya mkwaju, kisha arobaini na sita.

Kufikia Jumatatu majirani walikuwa wameanza kuulizana kwa nini saloni imehesabiwa peke yake. Kufikia Jumanne fundi wa viatu alikuwa amejiandikia arobaini na saba kwa rangi ya buti. Muuza makaa akawa arobaini na nane. Mama wa omena, ambaye mlango wake uko kabla ya saloni, alikataa katakata kuwa wa mwisho. Akajiandikia arobaini na tano.

Kisha mwenye vibanda akaja. Ni mzee wa Makina, na familia yake imekaa Kibera tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Alisimama mbele ya saloni akiwa na kofia yake mkononi, na mwanafunzi wangu alikuwa pale akirekebisha rangi ya kitana.

"Nani amehesabu mabati yangu bila kuniuliza?"

"Si kuhesabu, mzee. Ni namba ya shule."

"Shule gani inaandika namba kwa mabati?"

Akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, na hilo ni zaidi ya walilofanya watu wengine katika habari hii.

"Mama, mimi nimehesabiwa hapa mara tatu," akasema, "na kila nikihesabiwa napungua. Hiyo sura iache, haina shida, hata imefanana na mwenye saloni. Namba ndiyo itoke. Leo."

Mama akanipigia simu. Nikampigia mkuu wa idara, nikamweleza taratibu kama ninavyomweleza mtu yeyote. Nambari ikitoka, akasema, kazi haina mwenyewe.

"Ukimuuliza mtu yeyote kwenye ile safu kazi ni ya nani, atakupeleka mpaka mlangoni kwake."

"Mtu yeyote si kumbukumbu," akajibu.

Hebu tazama. Mzee ambaye mabati ni yake, na ambaye angeweza kupoteza kitu halisi, aliukubali ule uso uliovunja kanuni zote za saloni. Kilichomtisha ni tarakimu. Chuo kilichoagiza kanuni ivunjwe hakikuuliza habari za uso hata mara moja. Kilitaka tarakimu. Nilimwambia mama aifute, na kwamba nitasimama mwenyewe mbele ya mtahini.

Aliifuta kwa kitambaa na petroli. Majirani walikataa kufuta zao. "Ya kwangu nimeandika mwenyewe kwa mlango wangu," mama wa omena akamwambia mzee, na mzee akaondoka akitikisa kichwa. Kwa hiyo Ijumaa ilipofika, safu nzima ilikuwa na nambari isipokuwa saloni.

Mtahini alikuwa mtu mpole mwenye suti ya kijivu. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akapiga picha mbili kwa simu yake, akamuuliza mama amevunja kanuni gani.

"Kanuni ni kwamba mwanamke wa kwa ukuta asifanane na mwanamke wa kwa kiti," akasema. "Nimevunja hiyo."

"Kwa nini?"

"Watoto wangu wa nasari hupita saloni kama hizi kila siku. Mmoja aliniuliza, ticha, huyu wa ukutani husukiwa wapi? Kwa sababu hajawahi kuona mtu ametoka mle ndani akiwa hivyo."

Mtahini akacheka, akaandika. Nilimwona akiandika mistari minne au mitano, na moyo wangu ukatulia. Kisha akainua kichwa.

"Nambari ya mtahiniwa iko wapi?"

"Unataka ngapi?" mama wa omena akadakia. "Arobaini na tano iko kwangu. Arobaini na saba uliza huyo wa viatu."

Safu nzima ikaangua kicheko. Nikamweleza mtahini yote, kuanzia simu mpaka petroli, na mwenye saloni akaongezea, na mama mwenyewe akamwonyesha mahali bati lilipong'aa kwa kusuguliwa. Alisema ameelewa. Alisema ameguswa. Lakini faili haiwezi kubeba bati, na bati halina nambari, na mwanafunzi ana mpaka Jumatatu kuleta insha iliyopigwa chapa kuhusu mmojawapo wa wasanii tuliosoma. La sivyo ni sufuri.

Tulitembea pamoja kuelekea barabarani. Nilimwambia kwamba wale wasanii tunaowafundisha, kila mmoja wao aliwahi kukutana na mtu mwenye faili, na kwamba leo mtu huyo ni sisi. Sikulisema hilo kwa sauti ya chini. Alisimama akapangusa tope kwenye kiatu.

"Mwalimu," akasema, "wale hawakuwa wakitafuta cheti."

Nilikasirika zaidi kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba hakuna aliyewaagiza wale wavunje kitu. Yeye tulimwagiza. Tulimpa na tarehe ya mwisho.

Nikarudi kwa mama nikamwambia nitakata rufaa, nitaandika barua, nitaipeleka mpaka kwa mkuu wa chuo. Alikuwa akifunika kopo lake la rangi.

"Wewe pigana, mwalimu, na Mungu akubariki," akasema. "Mimi naenda saiba, kwenye kompyuta, nipige chapa hiyo insha. Nikikosa hii, darasa langu wanapewa mwingine."

Aliandika kurasa tano kutoka kwenye maelezo yangu ya ubaoni, juu ya mchoraji aliyekufa, maisha yake, shule yake, waliomkataa na waliomsifu baadaye. Ilikuwa insha safi. Niliisoma Jumatatu na sikumsikia humo ndani, isipokuwa kwenye ukurasa wa tatu, ambapo alikuwa ameandika sentensi moja: kwamba hata Kibera vichwa vya saloni vina kanuni, na kwamba yeye ameivunja moja, na mwenye saloni hakumwambia afute. Nilimpa A nyingine na kuipeleka kwa mtahini. Barua yangu ya rufaa niliipeleka siku hiyo hiyo. Mpaka leo haijajibiwa.

Matokeo yalipotoka nilikwenda Makina kumwona. Ilikuwa saa ya mapumziko, watoto wako uani, naye ameketi kwenye benchi nje ya darasa akiwa na aproni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimepita, mwalimu! Wameniachia watoto wangu."

Nilimpongeza, na nilimaanisha. Kisha akatoa insha yake, akaifungua ukurasa wa tatu. Ile sentensi moja ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mtahini alikuwa ameandika maneno matatu: Nje ya mada.

"Hapa sikuelewa," akasema. "Hili ni kosa gani? Nisije nikalirudia."

Nilimweleza kwamba maana yake ni kuwa sentensi haihusiani na kilichoulizwa.

"Na waliuliza nini?"

"Waliuliza juu ya wasanii waliovunja kanuni."

Akanitazama. Akasubiri niendelee, kwa sababu amezoea kwamba mimi huendelea. Kisha akazikunja zile kurasa, akazitia kwenye mfuko wa aproni na kusimama, maana watoto wawili walikuwa wameanza kupigana.