Farasi Aliyeliwa Mbotela

Nyumba yetu ya mtaa wa Mbotela, Nairobi, ilinuka rangi ya viatu, ingawa sisi watoto tulikuwa na jozi moja moja za viatu na tulizipaka Jumapili pekee. Rangi hiyo ilikuwa ya Baba. Alikuwa mchonga vinyago katika karakana moja karibu na soko la Gikomba, na kila jioni alirudi na gunia la vipande vya mti mweupe, akaketi mlangoni, akavipaka rangi nyeusi na kuvisugua kwa kitambaa mpaka vikang'aa, ili watalii waamini wamenunua mpingo. Harufu iliingia kwenye mapazia, kwenye sare zangu za shule, hata kwenye sukuma wiki. Vingi vya vipande hivyo vilikuwa vya chesi. Mfalme alikuwa mzee mwenye kigoda, askari walibeba mikuki, na farasi walikuwa na shingo za twiga kwa sababu mnunuzi mmoja aliwahi kusema twiga huuzika. Hakuna hata mchongaji mmoja aliyejua kuucheza mchezo wenyewe. Walikuwa wamemchonga mfalme kwa miaka kumi na mitano bila kuuliza anakwenda wapi. Kila seti ilitiwa karatasi ya maelezo kwa Kiingereza, na ni karatasi hiyo iliyonifundisha. Ilisema ngome ina thamani ya tano, askofu tatu, farasi tatu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, nilimtilia shaka mchungaji, mwalimu wa Jiografia na methali zote za nyanya yangu, lakini karatasi ile sikuihoji hata mara moja.

Tulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kando ya Barabara ya Jogoo, Bi. Zuhura, mama wa mtaa wa Majengo mwenye asili ya Pwani, alikuwa na chumba cha kupiga chapa na kutoa nakala. Ndani mlikuwa na taipureta mbili, mashine ya nakala iliyotoa moshi, na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kwamba ni sahani ya halua. Kompyuta hiyo ilikuwa na modemu, na modemu ilipopiga simu ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mimi nilimsaidia Bi. Zuhura kila Jumamosi asubuhi kuandika barua za Kiingereza za wateja, na yeye akaniruhusu niingie katika ubao mmoja wa ujumbe ambamo watu wa nchi mbalimbali walicheza chesi kwa kuandikiana. Unaandika hatua yako, unaondoka, wiki ijayo unarudi kukuta jibu. Hatua ikishatumwa hairudi. Niliupenda ubao ule kwa sababu moja tu: haukuwa na mtu wa mtaa wetu hata mmoja.

Mpinzani wangu aliitwa Henning, mwalimu mstaafu wa Denmaki. Alikuwa mtu wa kuchosha. Kila hatua aliiandamanisha na taarifa ya hali ya hewa na swali la kijinga. Aliniuliza kama simba hufika kwetu. Nilimjibu kwamba kwetu hufika askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Lakini Henning alikuwa mchezaji mzuri, na alikuwa na desturi ambayo wengine kwenye ubao waliiheshimu: kila mchezo wake ulipokwisha aliuchapisha wote, hatua kwa hatua, pamoja na uchambuzi wake na majina kamili ya wachezaji. Watu waliusoma uchambuzi huo, wakaubishia, wakaurekebisha kwa wiki nyingi. Nilitaka kumshinda Henning, na nilitaka jina langu, Mueni, liandikwe pale. Katika maisha yangu yote jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye rejista ya darasa na kadi ya kliniki tu.

Kosa lilikuwa la Baba. Alijisifu kwenye ukumbi wa mtaa kwamba bintiye anacheza na Mzungu kwa kompyuta, na kesho yake tukatembelewa na Bwana Kilonzo, karani mstaafu, mwenyekiti wa wacheza drafti wa ukumbi wa Mbotela. Alikunywa chai yetu, akafuta masharubu, akaeleza kwamba jambo zito hivyo haliwezi kuachiwa mtoto. Lilikuwa suala la Kenya dhidi ya Ulaya. Penye wazee, alisema, hapaharibiki neno. Sijawahi kujua ni nani aliyeitunga methali hiyo ila nina hakika alikuwa mzee. Baba akakubali, kwa kuwa Baba alikubali kila alichoambiwa na mtu mwenye tai. Wiki hiyohiyo ikaundwa kamati ya watu tisa ambao maisha yao yote walikuwa wamecheza drafti kwa visoda. Nilifanywa katibu. Sababu iliyotolewa ni kwamba nina mwandiko mzuri. Nilipouliza kura yangu itahesabiwaje, nikaambiwa katibu hapigi kura.

Kila Ijumaa jioni tulikutana. Maombi ya Kikristo, kisha dua, kisha kusomwa kumbukumbu za mkutano uliopita, kisha yatokanayo. Baridi ya Julai iliingia chini ya mlango wa ukumbi, na wanaume tisa wenye makoti waliizunguka seti ya twiga ya Baba wakibishana kwa sauti za watu wanaojua. Hawakujua. Niliwafundisha namna farasi anavyoruka na wakanicheka kwamba huo si mwendo, ni ulevi. Mwenye akili ndogo kuliko wote, kama nilivyoona wakati ule, alikuwa Shabani, muuza viatu vya mitumba wa Majengo, aliyekuwa bingwa wa drafti tangu kabla sijazaliwa. Yeye aliongea kidogo. Hilo pia nililidharau, nikadhani hana la kusema.

Hatua ya kumi na saba Henning aliweka farasi wake mahali ambapo askari aliyemlinda mfalme wetu angeweza kumla bure. Nilijua ni mtego. Nilikuwa nimekesha juu ya jambo hilo kwa siku nne na nilikuwa na kurasa nne za daftari kuthibitisha kwamba tukimla farasi, mlango wa mfalme unafunguka, malkia wake anaingia na askofu nyuma yake, na tumekwisha. Lakini hawa walikuwa watu wa drafti. Katika drafti kula si hiari. Ukiacha kula, kete yako huondolewa ubaoni kwa adhabu na watu hukucheka hadi nyumbani. Niliposimama kusoma kurasa zangu, Bwana Kilonzo aliangalia saa.

"Binti, umesema mengi," alisema. "Swali ni moja. Kuna chakula hapa au hakuna?"

"Kipo, lakini kina sumu."

Mmoja akasema Mzungu hana sumu, ana soseji tu. Wakacheka wote. Shabani peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia ubao, kidole kikigusa ngome yetu bila kuisogeza.

"Tukila tutashiba, kisha tutatapika kidogo," alisema. "Hakuna ubaya."

Nilimuuliza anamaanisha nini. Akaniambia nisijali. Mikono tisa ikainuka. "Wengi wape," Bwana Kilonzo akasema. "Katibu, andika."

Niliandika. Kesho yake asubuhi, kwa Bi. Zuhura, nilituma hatua yangu mwenyewe. Sikumla farasi. Nilimsogeza mfalme pembeni na nikasaini Mueni, Nairobi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hila ikianza huhitaji mpishi wa kila siku. Kamati ilikuwa inangoja jibu la Henning kwa hatua ambayo Henning hakuiona. Basi nikawa Henning. Kwa wiki tisa niliendesha michezo miwili: mmoja wa kweli, kwenye ubao wa kompyuta, na mwingine ukumbini, ambamo niliwasomea wanaume tisa majibu niliyoyatunga mwenyewe, na hali ya hewa pia. Wasiwasi nilikuwa nao, lakini nitasema ukweli, furaha ilizidi. Nilikuwa nimekusudia kuwaadhibu. Ningemfunga mfalme wao katika hatua sita kwa mkono wa Mdenmaki, kisha ningeketi kwenye kiti changu cha katibu na kuandika kumbukumbu za maziko. Methali inadai njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na kila Jumamosi ilipigwa chapa vizuri kwenye karatasi nyeupe.

Bi. Zuhura aliona kila kitu, maana mashine ilikuwa yake. Hakunikemea. Siku moja alisoma barua niliyoitunga, akasahihisha tarehe, akasema, "Mwanangu, huyu Mzungu wako wa uongo ana adabu kuliko yule wa kweli." Kisha akarudi kwenye nakala zake.

Katika mchezo wa ukumbini nilishambulia kwa haki. Sikuwaibia hata hatua moja; nilitumia kila nilichokuwa nimekiandika katika kurasa nne. Malkia aliingia, askofu akafuata, na Ijumaa ya pili kamati ilikuwa imeinamisha vichwa kama darasa lililosahau kazi ya nyumbani. Bwana Kilonzo alianza kusema kwamba katibu alitakiwa kutoa tahadhari iliyo wazi zaidi. Ndipo Shabani akaishika ile ngome, akaipeleka imle askofu wangu, ingawa nayo ingeliwa mara moja. Ngome kwa askofu. Tano kwa tatu. Nilisema hapana kwa sauti. Karatasi ya Baba ilikataza jambo hilo, na katika kurasa zangu zote nne sikuwa nimelifikiria kwa sababu nilijua halifikiriki.

Shabani hakuwa amesoma karatasi yoyote. "Umekula viwili, rudisha kimoja," aliwaeleza wenzake, kama mtu anayeonyesha namna ya kufunga kamba za viatu. "Anayeshikilia vyote ndiye hufa."

Wakapiga kura. Ijumaa iliyofuata malkia wangu hakuwa na mwenza, na iliyofuata hiyo alilazimika kubadilishwa kwa malkia wao, na vumbi lilipotulia walikuwa na farasi na askofu dhidi ya ngome yangu moja inayokimbia huku na huku. Nilijaribu wiki nne zaidi. Nilishindwa na muuza mitumba, nikiwa nimejificha nyuma ya jina la mtu mwingine, na sikuweza hata kukasirika hadharani.

Mchezo wa kweli ulikwisha Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Farasi niliyemwogopa na kumwacha alikuwa amekaa katikati ya boma langu kama mgeni asiyejua kuaga, akaninyonga taratibu. Nikakubali kushindwa. Wiki moja baadaye Henning alitimiza desturi yake, na Bi. Zuhura akanichapia. Jina langu lilikuwepo, kamili, juu ya ukurasa. Kwenye hatua ya kumi na saba aliweka alama ya kuuliza, ishara ya hatua mbaya. Aliandika kwamba hapo alikuwa anatishia tu. Mpinzani wake angemla farasi na kisha kurudisha ngome kwa askofu, na yeye, Henning, asingekuwa na chochote. Hatua hiyo ya ngome, aliongeza, ni nzuri sana na ngumu kuiona, na yeye mwenyewe aliigundua baada ya mchezo kwisha. Niliisoma nikiwa nimesimama. Bi. Zuhura akaniuliza kama nitawaambia. Nikamwomba karatasi nyingine nyeupe, nikaipiga chapa barua ya Henning ya kukubali kushindwa na Mbotela.

Walisherehekea kwa soda na mandazi. Bwana Kilonzo alihutubu kuhusu uongozi bora. Barua ikatiwa fremu na kutundikwa ukumbini. Nilikuwa nakusanya chupa Shabani aliponijia, akazungumza chini chini, kwa haya ambayo sikuitarajia kwa mtu mzima.

"Katibu, samahani. Kwenye barua, Mzungu amesema chochote kuhusu ile ngome?"

Karatasi ya Henning wa kweli ilikuwa katika mfuko wa sketi yangu. Ilisema hasa alichotaka kusikia, lakini ilikuwa na jina langu juu, kushindwa kwangu chini, na uongo wangu wa wiki tisa katikati. Ningeweza hata kutunga sentensi moja; nilikuwa nimetunga mvua ya mwezi mzima.

"Hakusema kitu," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akanisaidia kubeba kreti.

Nilikwenda chuo kikuu, nikajifunza kuhoji mambo kwa istilahi ndefu zaidi. Ubao ule wa ujumbe ulizimwa zamani na uchambuzi wote umepotea nao. Mwaka jana niliiwekea simu yangu hali ya ubao wa hatua ile, na kabla sijainua kidole ikaniambia: mle farasi, rudisha ngome. Siku hizi kila kijana wa mtaa wa Pipeline aliyekaa ngazini ana mchambuzi kama huo mfukoni, anapata jibu sahihi na halimgharimu hata usingizi. Simfikirii kuwa na akili kuliko ile kamati. Kamati angalau ilikosea kwa bidii.

Shabani alikuwa ameshafariki. Mwanawe ana kibanda palepale Majengo, anauza vifuniko vya simu. Nikampelekea karatasi ya Henning, imekuwa ya manjano, nikamweleza yote tangu mwanzo, bila kujitetea, jambo ambalo nililiona kuwa la kishujaa. Alinisikiliza huku akimwonyesha mteja rangi za vifuniko. Kisha akaisoma, akanirudishia.

"Unajua buda, mzee wangu, alikuwa anasema nini, dada? Kwamba ile ngome ilimchoma Mzungu mpaka akakosa la kuandika. Alituambia hiyo stori kila Idi. Kwamba mtu akinyamaza, jua umempiga."

Nikamuuliza kama haitaki karatasi ile, maana ni ushahidi.

"Hii inasema Mzungu aliiona pia," akasema. "Ya buda ni tamu zaidi. Kaa nayo tu."

Mteja akachagua kifuniko cha buluu. Nikaikunja karatasi, nikaondoka nayo.