Wazee wa Urefu wa Kiganja

Samaki wale walikuwa wamepanda ndege mara nyingi kuliko mimi. Walitoka kwenye maziwa ya kaskazini kabisa ya dunia, ambako barafu hufunika maji sehemu kubwa ya mwaka, wakaja kuishia Braamfontein, Johannesburg, ndani ya friza la maabara ambamo mimi, mtu wa Mwanza mwenye nywele zilizoanza kuniaga, nilikuwa fundi wa mkataba. Profesa wangu alishirikiana na wenzake wa huko. Wao walivua, sisi tulipima.

Swali lao lilikuwa zuri, na bado nalipenda. Kwa nini ziwa hili lina samaki wa aina tatu, na la jirani lina aina moja tu? Inategemea kina cha maji, urefu wa majira ya barafu, kama kuna kijito kinachofika baharini, na nani alitangulia kufika. Nyama ya samaki hutunza kumbukumbu ya alichokula. Kazi yangu ilikuwa kuikausha na kuisaga: samaki mmoja, kichupa kimoja. Wachanga tu, kwa kuwa nyama yao ni kidogo, maelekezo yaliruhusu kuwachanganya.

Friza lilikuwa kuukuu. Umeme ukikatika halikuwaka tena mpaka libonyezwe, na wikiendi kazi hiyo ilikuwa ya mlinzi wa jengo, Mkongo wa Lubumbashi aliyewahi kufundisha shule ya msingi. Kila alichokifanya alikiandika katika kitabu cha zamu. Aliniita dokta, ingawa shahada yangu ya uzamivu ilikuwa imekwama sura ya tatu kwa miaka sita.

"Dokta, samaki yako ya baridi inaendelea?"

"Inaendelea kufa, mwalimu."

"Basi iko sawa na sisi."

Mama yangu aliuza samaki. Nilijua kupanga mafungu kabla sijajua kusoma: wakubwa huku, wa kati huku, wadogo huku, na sangara mdogo ni sangara mtoto, hakuna mjadala. Miaka mingi ya chuo kikuu ilifuata. Lakini siku nilipofungua mfuko mmoja wa ziwa la nne na kukuta samaki wa urefu wa kiganja, aliyeshika kisu hakuwa msomi, alikuwa yule mtoto wa sokoni. Niliwakata vichwa, nikaviweka kando katika boksi moja, nikasaga miili yote pamoja. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana, nikajisifu.

Wiki iliyofuata nikatoa vijiwe vya masikio kutoka kwenye vile vichwa. Kijiwe cha sikio la samaki kina pete za miaka, kama mti. Niliweka cha kwanza chini ya darubini, nikahesabu, nikapita kumi. Cha pili, vilevile. Hawakuwa watoto, walikuwa wazee. Katika ziwa lile lisilo na njia ya kutokea wala samaki wa aina nyingine, baadhi yao walikuwa wamegeukia kula wenzao na kuwa wakubwa. Hawa walibaki chini wakila wadudu wa matopeni, wakazeeka bila kukua. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapeleka watu kule na mashine zao za kutoboa barafu, na mimi nilikuwa nimeichanganya kama bizari.

Ningeweza kusema. Kosa lilikuwa la kijinga, lakini la kweli. Ila mkataba wangu ulikuwa juu ya meza ya profesa ukisubiri saini, na kibali changu cha kukaa nchini kilitegemea mkataba huo. Niliumwaga ule unga. Profesa alipoulizia ziwa la nne, nilimwambia friza lilizimika Jumamosi, mfuko wa wale wadogo uliokuwa juu kabisa ukaoza, nikautupa.

Katika Johannesburg ya miaka ile, umeme ukikatwa kwa ratiba kama vipindi vya shule, uongo huo haukuhitaji hata shahidi.

"Eish," alisema. "Si mlinzi huwa analibonyeza?"

Ningependa kuandika kwamba sikuwa nimemfikiria mlinzi. Nilimfikiria kwa muda wa pumzi moja, kisha nikajibu, "Ndiyo, huwa."

Siku mbili baadaye mlinzi alinifuata maabara, kitabu cha zamu kwapani.

"Dokta, bakubwa wa kampuni ya ulinzi banasema nililala, friza ikakufa."

"Wamesema hivyo?"

"Angalia Jumamosi." Alifungua. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, kila herufi imekaa mahali pake. "Umeme ilikatika mara mbili. Mara mbili nilifinya kitufe. Saa iko hapa. Nimebaambia basome, banasema kitabu ninaandika mwenyewe, naweza kuandika nalotaka. Weye profesa anakusikia. Mupelekee."

"Nitaongea naye."

"Leo?"

"Leo yuko kikaoni. Kesho."

"Sawa, ndugu yangu. Ubaki nacho, basikipoteze."

Nilikiweka kwenye droo yangu. Kesho yake, Ijumaa, profesa alinisainia mkataba wa miaka miwili, akanipa pole kwa kazi iliyoharibika. Nilisema asante. Mdomo ulikuwa wazi tayari, maneno mengine yangeweza kupita. Hayakupita. Jumatatu mlangoni alikaa mlinzi mwingine, Mzulu mpole ambaye haandiki chochote.

Makala ilitoka baadaye. Jina langu ni la mwisho kabisa katika orodha, na nililitafuta kabla sijasoma kitu kingine. Maziwa yamejadiliwa vizuri, kina chake na barafu yake. Kuhusu la nne kuna sentensi moja: sampuli za samaki wadogo zilipotea kwa sababu ya kukatika kwa umeme. Watu wa kaskazini wameiamini, kama watu wanavyoamini lolote baya kuhusu kwetu. Miongoni mwa waandishi wote, mimi peke yangu najua kwamba samaki wale walikuwa wazee.

Kitabu bado kiko kwenye droo. Mlinzi alipelekwa kulinda toroli za duka moja la mtaa wa Kensington, humu humu mjini, nje, juani. Nilimwona mara moja kutoka ndani ya teksi. Alikuwa amesimama wima, kalamu mfukoni. Duka hilo lina mkate mzuri, na ni karibu na ninapoishi sasa. Nanunua kwingine.