Godoro la Mama Sufuria

Mgongo wa Mama Sufuria ulikuwa mgongo wa kazi, si wa mapambo. Kwa miaka mingi ulipandisha mlimani masufuria, majiko na chumvi kwa ajili ya watalii, watu wanaoacha vitanda vyao kwa hiari yao, wakaenda kulala juu ya mawe na kusema wamepumzika. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wao. Walipofika kambini wakihema, ulimi nje, walimkuta keshafika, keshawasha jiko, na chai inawangoja. Hakuna aliyejiuliza huyu mama alipita wapi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki nyumbani. Kazini, kuanzia wabeba mizigo mpaka kiongozi wa msafara, alikuwa Mama Sufuria.

Safari iliyopita mgongo uligoma. Kulipopambazuka maji hayajachemka, wageni wamejikunyata na vikombe vitupu, na mpishi yuko hemani, amelala ubavu, hawezi hata kujigeuza. Wabeba mizigo walimwinua kama watu wanaohamisha kabati. Kiongozi wa msafara hakumfokea. Angemfokea ingekuwa nafuu, maana anayekufokea bado ana mpango na wewe. Huyu alichuchumaa, akasema kwa sauti ya kutembelea wagonjwa:

"Mama, tutapanda pamoja mara moja nyingine. Mgongo ukikataa tena, utabaki chini. Tutakutafutia vyombo vya kuosha pale ofisini."

Vyombo vya kuosha! Mwanamke anayeoka mkate ndani ya sufuria huku upepo unataka kuondoka na hema, leo akaoshe vikombe vya makarani! Alishuka mlima wote bila kusema neno, na kwa anayemjua, huo ulikuwa ugonjwa mbaya kuliko ule wa mgongo.

Na mgongo wenyewe haukuwa na hatia. Mwenye hatia alikuwa godoro. Lilikuwa godoro la upepo, la kitambaa chepesi cha bluu, lile linalojazwa kwa mdomo na likikunjwa linaenea kwapani. Aliachiwa na mgeni mmoja mtu mzima aliyemwonea huruma, na tangu alipolipata alikuwa akiamka kama msichana. Kisha likaanza ujanja. Jioni unalijaza linakaza kama ngoma, alfajiri unajikuta mbavu zako na mawe mnaamkiana.

Basi siku moja kabla ya safari nyingine alilipeleka kwa mdogo wake.

Huyo mdogo wake alikuwa fundi wa pancha, na mtaa mzima ulimwita Kiraka. Mama Sufuria alimlea tangu mama yao alipofariki. Alimfuta kamasi, alimpeleka shule kwa kumburuta, na mpaka leo, jamaa ana ndevu na mke, hajaacha kumwambia avae sweta. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele: upande huu yeye na beseni lake la maji, pampu na mipira ya baiskeli iliyoning'inia kama nyoka waliotubu, upande ule mkewe na cherehani yake. Ukuta baina yao ulikuwa mdomo wa mke tu, na ulitosha.

"Acha hapa, Dada," Kiraka alisema, akilipapasa godoro. "Hakuna pancha iliyowahi kunishinda. Nenda kafungashe vyakula vyako, mchana ukirudi utalikuta zima."

"Kesho alfajiri naondoka. Ukiniharibia hili, sina mgongo, na sina kazi."

"Dada! Nikuharibie wewe?"

Mama Sufuria akaenda stoo ya msafara, pale ofisini, kupima mchele na kufungasha sukari. Mchana akarudi. Mlangoni akasimama, mkono kiunoni, funguo za stoo zikimlia mfukoni.

Godoro lilitandazwa juu ya benchi. Lilikuwa na viraka vyeusi vya mpira kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umelifanya nini?"

"Nimeliponya," Kiraka akasema, jasho linamtoka kwa furaha. "Dada, hukuniambia! Lilikuwa limetoboka kila mahali. Kila nilipozamisha, povu. Nikageuza huku, povu. Nimepiga msasa, nimepaka gundi ya pancha, nimebandika. Sijala tangu asubuhi."

"Umeliponya? Mbona linaonekana limetoka kuugua ndui?"

"Wifi," akadakia mke wa Kiraka bila kuinua macho kwenye cherehani, "mimi nilimwambia. Nikamwambia, baba, hicho ni kitambaa, si tairi la mkokoteni. Akaniambia nishone."

"Si ulikuwa unashona?"

"Nashona nikiwa naona, mume wangu. Macho hayana kazi nyingine."

Mama Sufuria hakucheka. Alishika ncha ya kiraka cha karibu kwa kucha, akakivuta. Kikabanduka kizima kizima, laini, kama ganda la yai la kuchemsha. Akavuta kingine. Nacho kikaja. Gundi ya pancha inashikana na mpira kama ndugu wa tumbo moja, lakini kitambaa kile kilikuwa na utelezi wake, kikaikataa. Mbaya zaidi, mahali msasa ulipopita kwa nguvu, rangi ya bluu ilikwisha kuchubuka ikabaki nyeupe.

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akavua kilemba, akajifuta nacho uso, akakaa hivyo hivyo na kilemba usoni kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kufuta jasho.

Kiraka alitamani ardhi imfungukie. Kumuudhi mteja alishazoea, mteja ataenda mtaa wa pili. Lakini huyu ndiye aliyemwosha miguu akiwa na surua, na leo kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa bidii, amemfungia njia ya mlimani.

"Dada, nitalipia..."

"Utalipia nini, mgongo? Wanauza wapi?" Akashusha kilemba. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikwisha rudi mahali pake. "Bandua takataka zako zote. Lijaze. Leta beseni na sabuni."

Walibandua viraka vyote, wakayafuta mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye spiriti. Kiraka akapuliza godoro mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wakalizamisha pembe moja. Kweli, povu tele: vipovu vidogo vimekaa juu ya kitambaa kama umande.

"Unaona?" Kiraka akasema, kwa unyonge wa mtu anayetaka angalau nusu ya haki yake. "Sikuota."

Kwa hasira, Mama Sufuria akayapangusa yale mapovu kwa kiganja, kama anavyoengua povu la nyama linapochemka. Yakaondoka. Akangoja. Hayakurudi.

Akapangusa tena mahali pengine. Yakaondoka, hayakurudi.

"We mtoto," akasema polepole, "hebu nikuulize. Povu la nyama ukiliengua, linarudi?"

"Mimi sipiki, Dada."

"Anajua kula tu," mkewe akasema.

"Povu la juu juu ukiliengua limekwisha. Linalotoka chini, ukiliengua linarudi, na litarudi mpaka uchoke. Haya yote uliyoyaona ni hewa ya nje iliyonasa kwenye nyuzi za kitambaa ulipokizamisha. Hayo si matundu. Tunatafuta linalorudi."

Kiraka akatazama beseni lake kama mtu aliyegundua mkewe anajua lugha nyingine. Maisha yake yote alifanya kazi na mpira mtupu, mweusi, usio na nyuzi. Kwenye mpira, povu ni tundu na tundu ni povu, hakuna mjadala. Ndiyo maana asubuhi ile alibandika viraka vyote vile juu ya matundu ambayo hayakuwapo.

Wakaanza upya, kwa zamu: yeye anazamisha, dada anapangusa, wote wawili wanangoja pumzi zimewabana. Wateja walikuja na baiskeli zao wakaambiwa warudi baadaye. Mmoja akauliza kama wanambatiza mtu. Mke wa Kiraka akamjibu kwamba ndiyo, na akitaka zamu yake asogee.

Kizibo cha kutilia upepo kilikuwa salama. Kichwani salama. Pembezoni salama. Kisha, katikati, pale nyonga inapolala, Mama Sufuria akapangusa, na mkono haujaondoka, uzi mwembamba wa mapovu ukapanda majini. Akapangusa tena. Ukapanda tena, bila haya.

"Hili ni lako," Kiraka akanong'ona, akaweka alama kwa kalamu.

Na mawili mengine yakaonekana, yote kwenye zile sehemu nyeupe za msasa.

"Na haya ni ya kwako," dada akasema.

Kiraka aliinama kulitazama lile tundu la nyonga, akalisogeza jichoni, akalipima kwa ukucha. Halikuwa tundu la mwiba. Lilikuwa mchaniko mdogo, wenye pembe, kana kwamba kitambaa kilisuguliwa na chuma, safari baada ya safari.

"Dada, unalala na nini?"

"Nilale na nini, mimi mjane?"

"Mfukoni."

Mama Sufuria akaupeleka mkono mfukoni, na funguo za stoo zikalia zenyewe kabla hajasema. Mpishi wa kambini analala na funguo, maana kwenye shada hilo hilo zimo na za masanduku ya vyakula. Kule juu sukari ina miguu, na maziwa ya unga yana mabawa, na ukilaza funguo pembeni utaamka huna cha kuwapikia wageni. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kuzitoa mwilini. Kila alipojigeuza usiku, alikuwa analisaga godoro lake mwenyewe.

Cherehani iliacha kulia.

"Haya, semeni," Mama Sufuria akasema. "Wifi, najua unalo."

"Sina, wifi yangu," mke wa Kiraka akasema, akijiuma midomo kwa ndani. "Nimejaaliwa kunyamaza leo."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya utaratibu. Mama Sufuria alitoa mkobani gundi ya mahema aliyoichukua stoo kwa ajili ya safari, ile laini ambayo hata ikikauka inajikunja na kitambaa. Mke wa Kiraka akachukua mkasi, akakata viraka vya mviringo kutoka kwenye mfuko wa godoro lenyewe, kwa sababu ni kitambaa kile kile. Mviringo, akaeleza, maana pembe ndiyo inayoanza kubanduka. Kiraka akafuta kwa spiriti, akaacha pakauke kabisa, akapaka gundi nyembamba bila msasa, akabandika, akasukuma hewa yote nje kwa kidole gumba, taratibu, kama anafumba jicho la mtoto. Juu yake wakaweka pasi za mkewe kama uzito, zimezimwa, na wakaliacha.

Jua lilipokuwa limeanza kulegea Kiraka akaliondolea uzito, akalipuliza, akalitandika sakafuni katikati ya karakana. Akanyoosha mkono kwa dada yake, kiganja juu.

"Funguo."

"Kwa nini? Nipo kwenu, siyo kambini."

"Funguo, Dada. Ukipanda nazo juu ya godoro hili sitakujazia upepo hata ukilia."

Mama Sufuria akamtazama. Akamtazama wifi yake. Kisha akatoa funguo mfukoni, akazishika kidogo, akazitia mkononi mwa mdogo wake. Kiraka akafunua sanduku la bati la kulindia gundi yake nzuri, akazitumbukiza ndani, akafunga, akalikalia.

"Kule juu utazitia ndani ya sufuria kubwa, kifuniko juu, sufuria kichwani pako," akasema. "Atakayefunua lazima akuamshe."

"Unanifundisha sufuria?"

"Lala tu, tujaribu kama linashika."

Alijilaza ili kujaribu tu. Akageuka ubavu huu, akageuka ule. Akasema ataamka sasa hivi, ana vitunguu vya kupanga. Sentensi haikufika mwisho.

Mteja akaingia na baiskeli inayogonga kengele. Kiraka akamnyooshea kidole cha kumkata pumzi. Mke wa Kiraka akaacha kukanyaga cherehani, akashona kwa mkono, yeye ambaye husema kushona kwa mkono ni kazi ya wafungwa. Wakakaa hivyo, wanasikiliza: si mkoromo, huo ulikuwepo wa kutosha, wanasikiliza ule mluzi mdogo wa upepo unaotoroka. Hawakuusikia.

Alipoamka, kivuli cha mlango kilikwisha fika ukutani. Akabaki amelala, akasubiri mgongo useme lake. Mgongo haukusema. Akapeleka kiganja chini ya nyonga yake, pale pale, kuona kama sakafu imefika.

Haikufika. Palikuwa bado pamekaza.

Akainuka mwenyewe, bila mtu kumshika, akamwangalia mdogo wake aliyekuwa bado ameketi juu ya lile bati.

"Nipe funguo zangu," akasema. "Na uvae sweta, baridi imeanza."