Tarakimu Sita na Mtoto wa Saba

Mpaka leo nikinusa ufutio wa stroberi, ule wa rangi ya waridi wanaouziwa watoto wa shule, huutupa dirishani. Msinicheke.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa ugenini kwa Waarabu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu: baba, mama, kaka yangu Idi, Mjomba Hamadi, mimi, na bibi aliyeletwa kutoka Tanga kwa ajili ya uzazi wa mama. Mjomba alikuwa mlinzi kule The Pearl, kwenye majumba ya matajiri, na uchovu wa kukaa kibandani aliuua kwa hesabu. Ndiye aliyeniandikia 142857.

"Zidisha kwa mbili," akasema. Nikapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zile zile, zimehama viti tu! Nikafika hadi kwa sita, hakuna iliyopotea.

Basi nikaona hizo ni sisi. Kila mtu wa nyumbani nikampa tarakimu yake; mama nikampa nane, kwa tumbo lake. Bibi aliponisikia nikihesabu akanikemea: "We mtoto, watu hawahesabiwi! Ukitaka kujua kama tumetimia, tazama sinia." Nikaendelea kimya kimya. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa moja, wanaume wako msikitini, mama akashikwa na uchungu kabla siku zake hazijatimia. Baba alipigiwa simu, akaja mbio, akampeleka hospitali. Bibi akabaki na tasbihi, mimi na daftari. Mtoto huyu atakuwa wa saba, nikawaza. Nikazidisha kwa saba.

999999.

Nikarudia. Tisa tupu. Nane haipo. Nyumba nzima imetoweka, na aliyewaondoa ni mimi, kwa penseli yangu, tena baada ya kuonywa. Nilifuta kwa ufutio wangu wa stroberi mpaka karatasi ikatoboka. Kiyoyozi kilinguruma na bado jasho lilinitoka. Kila kishindo cha ngazini nilidhani ni mtu anakuja kutuambia mama amekufa. Bibi aliponiuliza nina nini, nililikalia daftari; nimemuua mama kwa kuzidisha.

Alasiri simu ikalia. Bibi alisikiliza, akasema "Alhamdulillahi" mara tatu.

"Njoo, mjukuu wangu. Umepata mdogo wako wa kiume."

"Na mama?"

"Mzima."

Nililia hadi akadhani nimeng'atwa na mdudu.

Mwaka mzima sikumhesabu yule mtoto. Baba akinituma chapati akauliza tuko wangapi, nilijibu sita, nao wakacheka wakidhani ni kwa sababu hana meno.

Nikiwa sekondari nilijua namba ile inatoka wapi. Gawanya moja kwa saba: baada ya nukta zinakuja tarakimu hizo sita, zinajirudia bila mwisho. Niliweka kalamu chini. Kitu kimoja, watu saba wa kugawana. Mama alikuwa mmoja, na tangu nizaliwe nililala ubavuni kwake. Siku ile, nikizidisha, sikutaka mtoto yule aje. Hofu yangu yote ilikuwa kwamba Mungu ameniona.