Mizabibu ya Kisilu kando ya bomba la maji taka

Kisilu, mume wangu, alikuwa dereva wa lori, na ugonjwa wake ulikuwa zabibu. Aliziona kwa mapadri aliokuwa akiwapelekea saruji, akaomba vijiti vya kupanda, akavileta kwetu mtaani Jericho vimefungwa kwa gunia bichi. Nyumba ya kupanga ya kaunsili ya jiji haina mahali pa kupanda hata kitunguu, kwa hivyo alikodi kipande cha shamba kule Njiru, karibu na bomba kubwa linalobeba maji taka ya mitaa.

Mizabibu ilipokomaa, mwezi wa nane, baridi ikiisha, tuliipogoa. Mzabibu wa huku haulali wenyewe; lazima uunyang'anye majani yote ubaki fimbo tupu, ndipo uamke. Kazi hiyo niliipenda. Mwezi wa kumi vishada vidogo vikatokeza. Mvua za Novemba zikaleta ukungu mweupe kwenye majani, tukapuliza dawa ya unga wa salfa, na Koki, binti yetu, akakohoa wiki nzima nami nikimsikiliza kifua.

Desemba mvua ikakatika. Irungu, jirani yetu wa shamba, alikuwa ameng'oa mfuniko wa bomba na kuziba njia ya maji kwa magunia ya mchanga, maji yakafurika mpaka kwenye mboga zake. Kisilu naye akachimba mfereji kuyaleta kwetu.

Nimelea watoto na kuosha wagonjwa, lakini yale maji yalinishinda. Yalikuwa ya kijivu, mazito, yenye povu, na yalibeba vitu ambavyo mtu huviacha msalani akijua hataviona tena. Vishada vya chini vilikaribia kugusa matope, na maji yakipita kwa nguvu yalivirushia uchafu.

"Mzizi unachuja, Mama Koki," Kisilu alisema.

"Na kishada kinachorushiwa kinachujwa na nini?"

Irungu akacheka ng'ambo ya mfereji. "Mama, hiyo ni mbolea ya mitaa. Hata wewe umechanga."

Nilitema mate nikaenda zangu.

Kumbe Kisilu alikuwa ameshaliahidi kanisa malimbuko. Mavuno ya kwanza yangekuwa kikombe cha Meza ya Bwana mwezi wa Januari. Kwetu akina mama ndio hukamua, kwa mikono, na kikombe kimoja hupita mdomo hadi mdomo, wazee na wajawazito. Nilikuwa nimeona kuhara kukipita mtaani nyumba hadi nyumba. Kila nilipofumba macho niliiona ile midomo.

Jumamosi moja Mzee Mbuthia wa kanisa alikuja kuyaona matunda kabla hayajakatwa, pamoja na Mirriam, mwenyekiti wa akina mama. Asubuhi hiyo Kisilu alikuwa amefunga maji na kuufunika mfereji kwa udongo mkavu. Harufu hakuweza kuifunika. Mirriam alikuwa na leso puani tangu barabarani.

"Onja, Mzee," Kisilu akasema.

"Mwenye shamba huanza."

Kisilu akanyoosha mkono mpaka waya wa juu unaoshikilia matawi, akachuma zabibu moja, akaipangusa kwa mkono wa koti, kisha akaipangusa tena.

"Kula ya chini, Baba Koki," nikasema.

"Zote ni zilezile."

"Basi kula ya chini."

Akainama. Zabibu aliyoichuma ilikuwa na ganda la matope ya kijivu. Aliishika kwa kucha mbili, kama mtu anayemtoa ng'ombe kupe, akaipeleka mdomoni, na mdomo haukufunguka.

Mzee Mbuthia akaufukua udongo mkavu kwa bakora, ukatoka uozo mweusi. "Kisilu, haya ni maji ya wapi?"

"Ni yetu sote, Mzee," Kisilu akajibu, na hakuna aliyecheka.

Mirriam alikuwa ameshageuka, anatapika kando ya njia.

Kikombe cha Januari kilijazwa maji ya zabibu ya dukani. Kisilu alizika mavuno yote, akaziba mfereji, akaanza kubeba maji ya kisima kwa baiskeli. Hayakutosha, mizabibu mingi ikawa kuni. Michache iliyobaki tuliipogoa tena, na ilipozaa alileta kishada mezani kwenye sahani, kimeoshwa, kinang'aa, akala akinitazama.

"Ni maji ya kisima," alisema.

"Najua."

Nikaisukuma sahani mbali nami, kisha nikaiondoa hata mbele ya Koki.